Majani Mawili na Chipukizi Mgongoni mwa Laita

Baba,

Gachanja ameanguka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungetaka kusikia kwanza, ingawa ungejifanya hutaki. Ameanguka mchana, hotelini Kericho, mbele ya watu, akiwa na lile koti la kahawia alilolivaa kwenye mazishi yako. Mimi ndiye niliyemwangusha na sikumgusa hata kidole. Nimefurahi, Baba. Sitaki kukudanganya, nimefurahi mpaka nimeogopa.

Lakini ngoja nikupe habari za nyumbani. Mama yuko, goti linamsumbua siku za mvua, na siku hizi ni mvua tupu. Chai ya upande wa kaburi lako imeshonana kweli kweli na Mama hataki mtu aichume. Ile meza yako ya kutengeneza saa pale Sotik bado ipo, ila nusu yake nimempangisha mama mmoja fundi wa simu, kwa kuwa saa haziletwi tena kama zamani. Rafu ya laita zako za kuwashia sigara nimeirudisha dukani. Zote ziko kwenye mpangilio wako, kubwa kushoto, za wanawake kulia. Katikati kuna pengo. Kila asubuhi nikifungua duka nilikuwa naliona hilo pengo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Unajua Gachanja alivyoichukua ile laita ya kwenye pengo? Hukuona, ulikuwa umefumba macho. Ilikuwa ile wiki yako ya mwisho, tulipokuwa tumekuhamishia rafu chumbani ili uzitazame ukiwa kitandani. Gachanja alikuja na mkate na maziwa. Akakuombea maombi marefu, akamtaja Mungu kwa majina yote. Mimi nikaenda jikoni kumchemshia chai. Chai, Baba! Nilimchemshia mwizi chai na nikamwekea tangawizi. Niliporudi na kikombe alikuwa amesimama karibu na rafu, mkono mfukoni, anasema ana haraka.

Jioni nikaona pengo. Nikakuuliza, ukafungua macho, ukatazama rafu kwa muda, ukasema, "Hiyo si yetu. Ni ya Kogo. Ciku, mrudishie Kogo." Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kwamba ile laita ya fedha, ile uliyoipenda kuliko zote, hukuinunua. Ukanieleza kidogo kidogo, ukipumzika katikati. Ni Kogo Tapsabei, yule bibi Mkipsigis; marehemu mumewe alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa mashamba ya chai. Meneja alipoondoka alimwachia laita yake, na fundi mmoja wa karakana ya kiwanda akaichora mgongoni majani mawili na chipukizi, vile chai inavyochumwa. Mzee alipofariki, Kogo aliona wajukuu wanavyovuta sigara, akaogopa wataiuza, akakuletea wewe uitunze mpaka siku atakapokuja kuiuliza. Siku ya nne baada ya kuniambia hivyo ukaenda zako.

Kisha mazishi. Gachanja akaomba maikrofoni. Akaeleza mlivyozunguka pamoja miaka yote kwa pikipiki yako, Kericho, Bomet mpaka Fort Ternan, mkiingia kwa wapishi wa zamani na kuuliza kama wazungu waliacha vitu. Hilo lilikuwa kweli. Hakusema kwamba yeye alikuwa ananunua ili auze na wewe ulikuwa unanunua ili ukae navyo. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akaitoa laita, akaiinua juu watu waione. "Mzee alinipa hii kwa mkono wake mwenyewe. Aliniambia, Gachanja, ni wewe tu unajua thamani yake." Watu wakasema amina. Mchungaji akafuta machozi. Mimi nilitaka kusimama, lakini Mama alinifinya paja, maana unajua watu wetu: binti anayepiga kelele kwenye mazishi ya babake atasemwa mpaka naye azikwe. Nikakaa. Nikamtazama akijaribu kuiwasha kwa heshima yako, mara tatu, mara nne, ikakataa. Akacheka, akasema hata laita inaomboleza.

Ilikuwa haiombolezi. Ilikuwa haina utumbo wake.

Hapo ndipo nilipokupenda upya, Baba. Nilikumbuka vile ulivyokuwa ukinifundisha, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda, wewe ambaye hukuwahi kuvuta hata sigara moja ilhali Mama alikuwa ananusa makoti yako kila Jumapili. Ulisema laita ni ganda na utumbo. Ganda ni la kuangaliwa, utumbo ndio wenye kazi: pamba, utambi, jiwe, gurudumu. Ulisema nisiulize bei kabla sijatoa utumbo na kulinganisha namba ya chini ya ganda na namba ya utumbo, kwa sababu zikitofautiana hizo ni laita mbili zilizokufa. Na kwa kuwa uliamini petroli hula fedha polepole, wewe ulitoa utumbo wa zile nzuri zote, ukauhifadhi mkavu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, kila mmoja kwenye karatasi yake, na ndani ya maganda ukatia matumbo ya bure bure, yasiyowaka. Gachanja amekujua miaka yote hiyo na hakuwahi kujua habari ya mkebe. Alikuwa anatazama tu kinachong'aa.

Na ile sheria nyingine, ambayo hukuchoka kuirudia: usisugue. "Huo weusi ndio umri wake," ulikuwa unasema. "Ukiutoa, umeitoa duniani." Kila mtu uliyemgawia laita, hata zile za bei ya soda, ulimwekea mkononi na kumshika mkono huo mpaka arudie mwenyewe kwamba hataisugua. Mimi ulinifanya niirudie mara tatu siku uliponipa ile ndogo ya shaba. Nilikuwa nimekasirika. Sasa ishike sheria hiyo, maana Gachanja hukuwahi kumgawia hata laita moja, na ndiyo iliyommaliza.

Alinipigia simu nikiwa kwenye chai, kikapu mgongoni. Sauti tamu. "Ciku, hii laita ya mzee imekuwa nyeusi. Alikuwa anaisafisha na nini?" Akaniambia amepata mnunuzi, mama mmoja wa Nairobi anayekusanya laita za zamani, na anataka nami nije Kericho siku ya kuiuza niseme ilikuwa ya babangu, kwa sababu mnunuzi anataka kujua imetoka wapi. Yaani aliniomba mimi nimshuhudie.

Ningeweza kumwambia asiiguse. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamwambia hivi, kwa ile sauti ninayoongea nayo na wateja: "Majivu laini ya kuni, uncle, na ndimu. Sugua sana pale mgongoni, ndipo uchafu hukaa." Akanishukuru. Akanibariki. Nikarudi kuchuma chai, na siku hiyo nilijaza kikapu kabla ya wote.

Wewe hukuniambia nimlipize Gachanja. Uliniambia nimrudishie Kogo. Najua hayo ni mambo mawili, na nilijua hata siku ile nikiwa na simu sikioni.

Basi Kericho. Yule mama wa Nairobi alikuwa mtaratibu, ana miwani na kile kioo cha jicho cha kukuzia, kama chako. Gachanja alikuwa amekuja na marafiki wawili wa kanisa waone anavyofanya biashara na watu wakubwa. Akafungua kitambaa, laita ikatoka inang'aa kama sufuria mpya. Yule mama akaigeuza, akapitisha kidole mgongoni. Palikuwa laini. Majani mawili na chipukizi yalikuwa yamekwenda, kumebaki kivuli tu ukiinamisha kwenye mwanga. Akauliza nani ameisugua. Gachanja akanionyesha mimi kwa kidole: "Huyu ndiye aliniambia."

Nikasema ndiyo, nilimwambia. Kisha nikamwuliza, mbele yao wote: "Uncle, baba alipokupa alikushika mkono akakwambia nini?" Akababaika. Akasema alimwambia aitunze. Nikamwuliza tena, ni nini hasa baba alichomfanya arudie kwa mdomo wake. Wale marafiki wake wawili walitazamana, maana hata wao uliwahi kuwapa vilaita vya bati, Baba, na hata wao waliirudia ile sheria. Mmoja akaitamka polepole, "Nisisugue." Nikasema, basi. Mtu aliyepewa angejua. Asiyejua alijichukulia.

Kisha nikafungua mkoba, nikatoa utumbo wenyewe kwenye karatasi yako, nikauweka mezani. Mama wa Nairobi akatoa ule wa bure, akaingiza huu, akalinganisha namba. Zilikuwa sawa. Akasukuma laita kuelekea kwangu, akamwambia Gachanja kwamba yeye hanunui kitu cha wizi, na hata kingekuwa cha halali, mgongo umeharibiwa. Gachanja alisimama, koti likanasa kwenye kiti, akalivuta mpaka likachanika mshono. Akaondoka hivyo hivyo.

Sasa Sotik nzima inajua. Kanisani haketi tena mbele. Akipita sokoni, wale wauza mitumba wanafungua na kufunga vifuniko vya laita zao, klik, klik. Yeye anaongeza hatua. Nami nikiwa dukani nikisikia klik hizo zikija barabarani najua ni nani anapita, na Mungu anisamehe, huwa naweka kazi chini nisikilize vizuri.

Nadhani ungependa niishie hapa. Siwezi.

Jumamosi nilichukua laita nikaenda kwa Kogo, kule juu ya Bomet. Nilitia pamba mpya, jiwe jipya, petroli kidogo. Iliwaka mara ya kwanza, Baba, moto wa bluu chini na njano juu. Kogo haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo chai nilimmiminia mimi. Alicheka aliposikia kifuniko, akasema huyo ni mzee wake anafunga mlango. Akaichukua, akaigeuza, akaanza kutafuta kwa kidole gumba. Alipapasa mgongo mzima. Akarudi mwanzo akapapasa tena.

"Majani ya mzee iko wapi?"

Nikamwambia kuna mtu aliiiba akaisugua. Nikanyamaza hapo. Sikusema uongo hata mmoja na nilikuwa nadanganya.

Kogo akaiweka laita kwenye mapaja, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Sisi ni watu wa kanisa, Baba, wewe ulikuwa shemasi, lakini umeishi na Wakipsigis maisha yako yote na unajua kwamba mama wa umri ule akinyoosha mkono hivyo analaani, hatanii. Akasema, taratibu tu: "Mkono ilisugua hii, isishike kitu ikae." Akavuta pumzi. "Na kama iko mdomo ilituma huo mkono..."

Nikamshika. Sijui nilitoka vipi kwenye kiti. "Ngoja Kogo, usimalize!" Nikapiga magoti nikamwambia yote, simu, majivu, ndimu, ile sauti tamu. Nikamwambia nilitaka kumkomesha Gachanja na nikatumia kitu chake yeye Kogo. Nililia kama sikulia ulipokufa. Mazishini nilikuwa na hasira sana ya kulia, na wewe nilikuwa bado sijakulilia.

Kuku aliingia, akatoka. Mwishowe Kogo akanirudishia laita, akafunga vidole vyangu juu yake kama vile ulivyokuwa ukifanya wewe. "Basi wewe rudisha majani. Siku nitaipata na kidole, mdomo yako iko huru. Mbele ya hiyo siku, maneno iko hapa." Akagusa kifua chake.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yangu sasa. Nimetoa ile kalamu yako ya chuma ya kuchorea saa za zawadi. Nachora kwenye vipande vya shaba kila alasiri, wateja wakipungua. Jani la kwanza lilitoka kama kijiko. Jana lilitoka kama jani la kunde. Najua utasema laita iliyochorwa upya haina bei kwa mtu wa kukusanya. Sichorei watu wa kukusanya. Nachorea kidole gumba kimoja, na mwenye kidole hicho amezeeka, kwa hiyo naharakisha na mkono hautaki kuharakishwa.

Nakuahidi hivi, Baba. Nitakuja hapo kwenye chai nikiwa na kipande kizuri, nikupapasishie kwenye msalaba wako, na ukikubali ndipo nitaigusa fedha. Nitamrudishia Kogo, kama ulivyosema, ikiwa na kila kilichokuwa chake. Rafu nitaiacha na pengo lake. Wewe pumzika, usitafute miwani, mimi ndiye ninayeangalia sasa.

Jambo moja limebaki nalo nilitaka ulijue kutoka kwangu. Nilipokuwa nafuta uso ili niondoke, Kogo aliniuliza kuhusu ile nusu ya kwanza, ya mkono uliosugua, ambayo alikuwa ameshaitamka. Aliniuliza kama nataka airudishe mdomoni, Gachanja naye awe huru.

Nilimwambia chai yake inapoa.

Ni mimi binti yako,
Ciku