Moyo wa Mama wa Gakindu

Mzee Kariuki,

Ni miezi mitano tangu tukuzike kwenu Giakanja. Kazi ya dawa ya usingizi hapa hospitali imebaki kwangu peke yangu.

Jumanne aliletwa mama kutoka Gakindu, mkulima wa kahawa, mtoto amelala vibaya tumboni. Ilibidi apasuliwe. Nikamsikiliza kifua ulivyonifundisha, nikausikia ule mngurumo. Valvu moja ya moyo wake ilikuwa imebana, pengine tangu utotoni. Hakujua. Alidhani anahema kwa sababu ya mlima na magunia.

Daktari wetu mpya, mtu wa haraka, akasema tumdunge sindano ya ganzi ya mgongoni tumalize. Wewe ungekohoa tu, naye angenyamaza.

"Daktari," nikasema, "sindano hiyo ikishusha presha ghafla, moyo huu hautaweza. Wacha nimlaze usingizi polepole."

"Na akifa?"

"Basi andika ni Wambui aliyekosea."

Nikamlaza. Maji ya mshipani nikamtilia tone kwa tone, maana mapafu ya mtu kama huyu hujaa upesi. Katikati ya kazi mpigo ukaanza kukimbia. Nilitaka kukuita, kweli, jina lako lilifika kooni. Nikakumbuka ulivyowahi kuchukua kidole changu ukakiweka shingoni mwa mgonjwa: "Wambui, wacha kuangalia saa. Sikia mtu." Nikaongeza dawa kidogo. Nikangoja. Kungoja kule, Mzee...

Mpigo ukatulia. Mtoto akalia, msichana. Baadaye mama akafungua macho akauliza, "Nimepata nini?"

Nikageuka kukuambia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Alikuwako mfagiaji tu, akingoja tutoke aoshe sakafu.

Daktari aliandika: operesheni ya kawaida. Nilikunywa chai peke yangu, na katika hospitali nzima sikuona mtu wa kumweleza jinsi tulivyokaribia kumpoteza. Wewe ungejua kwa kuniangalia mikono.

Pumzika, mwalimu wangu. Jumapili tukitoka kanisani nitapanda Giakanja nikae na mama watoto wako. Siku ya mazishi aliniuliza ulikuwa ukifanya nini hasa huku miaka yote hiyo, kwa sababu nyumbani hukusema. Nilianza kumweleza, kilio kikanishinda. Safari hii nitamweleza mpaka mwisho.

Wambui wako