Njia Rahisi ya Ziwani

Ansbert, kazi ya kuongoza watalii nimeianza leo, na nadhani nimeimaliza leo.

Wageni wenyewe wazee, nikawachagulia njia rahisi ya kuzunguka ziwa. Nikawaambia, "Nikifanya kitu chochote, nanyi fanyeni hivyohivyo."

Kwenye kona nani anakuja? MAMA MKWE! Na kuni kichwani. Si alisema yuko msibani Nyabusozi?

Njia nyembamba, na mila unaijua, huwezi kukutana naye uso kwa uso. Nikaruka kichakani.

Wageni wote nao wakaruka! Kwenye upupu! Ansbert, KWENYE UPUPU!

Mmoja akaninong'oneza, "Ni nyati?" Nikamwambia ndiyo. Ningesemaje?

Mpaka sasa wanajikuna.

Mama mkwe kampigia mke wangu simu. Eti nina adabu sana, hadi wageni nimewafundisha.