Shikamoo kwenye Kizuizi

Dada Neema,

Shikamoo. Mama mfikishie na yake, ila kadi hii usimsomee.

Nipo mashariki ya Kongo. Kazi yangu unaijua, ni kutangulia na kupima kama njia ni salama kwa wenzangu wanaoleta dawa. Jana asubuhi tulikuta kamba imefungwa barabarani, vijana watatu wenye bunduki, na mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kanuni niliiandika mwenyewe: vioo vifungwe, dereva peke yake ndiye aongee. Lakini yule mzee alinitazama, na mimi mtoto wa kijijini Ulemo, niliyelelewa nisimpite mtu mzima kimya, nikashusha kioo nikasema, "Shikamoo, baba."

Bunduki zote zikanigeukia. Dereva akaanza kusali.

Mzee akainua mkono, akaja hadi dirishani. "Marahaba. Nilikimbilia Kigoma, nikakaa miaka mingi. Tangu nirudi, sijasalimiwa hivyo." Kisha akainama. "Mwanangu, wakati wa kurudi usipite hapa. Mimi sitakuwepo."

Wakatufungulia. Kwenye fomu yangu ya usalama wa njia nimeandika wenzangu wasiitumie njia hii. Tangu jana natamani ugali na mlenda wa mama tu. Wabusu watoto, na alizeti iwe nzuri mwaka huu.

Njia ya kurudi ni hiyo hiyo moja, tunaondoka kesho. Kadi ikikufikia nitakuwa nimeshapita pale. Nipigie, dada. Acha simu iite mpaka nipokee.

Mdogo wako,
Rehema