Wimbo Niliosema Umeuiba

Mume wangu Shaibu,

Mjukuu wangu, mkono huu si wangu, na wewe unajua. Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Anayeandika ni Mwalimu Neema, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, binti wa watu wa Bukoba aliyeletwa hapa Nandagala kufundisha. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Akipamba nitajua, kwa sababu lazima anisomee.

Sikuulizi habari za afya. Dereva wa lori la ufuta aliyekuona Songea kaniambia u mzima, umekonda, unabeba magunia kwenye ghala la mahindi. Nikamwuliza, na gitaa? Akasema hakuona gitaa. Nikamwuliza, anaimba akibeba? Akasema, "Bibi, yule hata salamu anaitikia kwa kichwa."

Sikulala vizuri zaidi ya mwezi mzima baada ya maneno hayo. Halafu nikamwita Mwalimu na karatasi yake.

Wewe ni mtoto ambaye ukitumwa chumvi ulikuwa unakwenda ukiimba chumvi na kurudi ukiimba chumvi. Mama yako alipoolewa Nachingwea akakuacha kwangu bado meno ya mbele hayajaota, na siku ya kwanza tu nikajua sitapata kimya tena humu ndani. Gitaa lako la kwanza ulilitengeneza kwa kopo la mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli ya babu yako. Hukumwambia. Babu yako, Mungu amrehemu, akaushuka mteremko wa kwenda Chinongwe asubuhi bila kujua kuwa hana breki. Alirudi kwa miguu, magoti yamechunika, baiskeli kaibeba begani, akakukuta uani unapiga. Nikajua leo utachapwa. Akasimama akasikiliza mpaka ukamaliza. Akasema, "Kama nimeangukia hiki, basi nipigie tena nisikie vizuri."

Ukalima ufuta misimu miwili bila kununua hata shati. Ukaenda Nachingwea kwa mama yako, ukarudi na redio kubwa ya kaseti kichwani na betri ya gari kwenye gunia. Nikadhani unafungua duka. Kumbe ulikuwa unataka stoo yangu ya korosho. Ukahamisha magunia yangu ukayapanga kuzunguka kuta, juu yake ukagandisha trei za mayai ulizoombaomba kwa mama ntilie wa Ruangwa mjini. Nikakuuliza, "Unataka kufuga kuku ukutani?" Ukanijibu, "Bibi, ni za kula mwangwi." Nilicheka siku nzima. Nilikwenda kisimani nikawahadithia wenzangu kuwa mjukuu wangu ana ukuta unaokula.

Lakini nilikuwa nakuangalia, ujue. Nilikaa pale mlangoni kwenye kigoda na fimbo, kazi yangu kufukuza mbuzi, na nilikuona unavyofanya. Ulikuwa mtu mmoja unayetaka kuwa watu wanne. Kwanza unapiga ndoo na kurekodi. Halafu kaseti ile unaiweka kwenye redio ya zamani ya babu yako, inaimba ndoo, wewe unapiga gitaa juu yake, na redio yako kubwa inanasa vyote viwili. Halafu tena, unaongeza kinanda cha kuazima. Kila ukihamisha, sauti inachakaa kidogo, kama kanga inavyofuliwa. Wewe mwenyewe uliniambia, "Kinachorekodiwa mwisho ndicho kinachosikika safi, kwa hiyo sauti ya mtu naiweka mwisho." Ukikosea hapo mwisho, unaanza upya kwenye ndoo. Nilikuona unaanza upya mara saba kwa sababu ya jirani kutwanga muhogo. Mara ya nane nilikwenda mwenyewe nikamkalia mchi.

Na ile soksi. Uliivalisha maiki soksi ili herufi zisipasuke, ukafumba macho, ukaiambia soksi kwamba unaipenda. Mimi nimezaa watoto sita na hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia maneno kama yale uliyoiambia soksi.

Maneno yenyewe ulikuwa unayaleta kwangu. Mahadhi yalikujia njiani ukitoka shamba, hayana maneno, nananana tu. Halafu unakuja uani na daftari, mimi napepeta mbaazi, unasoma mstari. Nikiendelea kupepeta, unafuta. Nikisimamisha ungo, unauacha. Hukuwahi kuniuliza kama ni mzuri. Uliangalia ungo. Mtu ambaye hajawahi kusoma hata ubao wa duka, ukamfanya ndiye mwalimu wako.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa mabibo yameanza kuiva, watu wote wako mashambani, kijiji kimya, saa unazozipenda. Siku tatu ulikuwa na wimbo usioanza. Ulikuwa na katikati, ulikuwa na mwisho, mwanzo huna. Uji ulikuwa unapoa mlangoni, hunywi. Macho yameingia ndani. Ukatoka ukasema, "Bibi, ingia, kaa hapa nipime mashine. Imba chochote."

Nikaingia. Nikakaa juu ya gunia. Na mimi, mume wangu, nikaimba ule wa asubuhi ya kumtoa mwali ndani.

Mwalimu Neema ananiangalia. Huyu hajachezwa, kwao hawachezi unyago kama sisi, kwa hiyo maneno ya wimbo ule sitayataja mbele yake, na wala wewe huyajui, kwa sababu sikuyaimba. Niliimba kwa kufumba mdomo. Nilijidanganya kwamba bila maneno si wimbo ule. Mimi, nyakanga, mkuu wa unyago wa wanawake wa hapa, niliyewafundisha makungwi wenzangu kwamba sauti ile haitoki nje ya ua wa wanawake, nikaiweka kwenye soksi.

Ukanirudishia nisikie. Nikamsikia kikongwe mmoja aliyepungukiwa na meno, yuko mbali, lakini haogopi kitu. Nilikuwa sijawahi kujisikia. Tangu nizaliwe nimeimba kwenye ngoma, na ngoma ikiisha sauti nayo imekwisha, kesho hakuna anayeweza kukuonyesha ilipokuwa. Nikasema, rudia tena. Ukarudia. Uso wako ukafunguka, ukasema, "Bibi, huu ndio mwanzo. Ni wimbo gani?"

Nikasema, "Wa kutwangia tu."

Uongo wangu ndio huo wa kwanza. Ningesema ni wa wanawake, ungeufuta hapo hapo, nakujua, una adabu kuliko mimi. Sikutaka unifute.

Ukayachukua mahadhi yale, ukaweka maneno yako juu, ukajenga wimbo wako. Ulikuwa mzuri, sitasema vinginevyo. Ulinakili kaseti moja moja, ukazipeleka Namungo kwa wachimba dhahabu, ukarudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, unacheka peke yako. Vijana wakaupiga uwanjani siku ya mpira. Duka la kaseti Ruangwa likaupiga tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nikawa napita mbele ya duka hilo hata nikiwa sina la kununua.

Halafu wakaja watatu, Bi Somoe mbele. Bi Somoe unamjua, kungwi mwenzangu tangu usichana, tuliyekula naye chungu kimoja. Nikawakaribisha maji. Wakakataa maji. Mtu akikataa maji yako, kaa chini, kuna jambo.

Bi Somoe akasema, "Pale dukani kunapigwa nini?"

"Nyimbo za vijana."

"Za kijana wako. Sauti ile kaipata wapi?"

Nikawasogezea tena yale maji. Akasema, "Nakuuliza wewe nyakanga. Kapewa, au kachukua?"

Nikasema, "Kaiba. Alijificha nyuma ya ua akasikiliza. Watoto wa siku hizi."

Watoto wa siku hizi. Nilisema kwa mdomo huu, na wewe umesimama mlangoni mwa stoo na ile kaseti ya kwanza mkononi, ile yenye sauti yangu tupu. Ungeitia kwenye redio, ukabonyeza, wangenisikia. Usingehitaji kusema hata neno. Uliniangalia. Nikatazama chini.

Wakasema kaseti zote zichomwe na usionekane kwenye ngoma yoyote ya vijiji hivi. Ukaleta kasha mwenyewe, ukawasha moto mwenyewe pale uani. Na ile yenye sauti yangu ndiyo uliyoitanguliza motoni, Shaibu. Ulichoma shahidi wako ili mimi nibaki nyakanga. Kesho yake asubuhi ukasimama jikoni na mfuko wako ukasema, "Bibi, nakwenda." Nikajifanya moshi umenishika. Nikainamia kuni.

Korosho zimevunwa mara sita tangu hapo. Misimu yote hiyo nimewatoa wali ndani, nimepewa kuku, nimekaa kwenye mkeka wa mbele, na jina lako likitajwa watu wananihurumia. "Bibi wa watu, kalea mwizi." Nimehurumiwa nikashiba. Usiku uliokuwa na nyimbo sasa una panya. Napika ugali wa watu wawili kwa sababu mkono umekataa kujifunza wa mmoja. Trei zako bado ziko ukutani. Kuna siku niliingia mle nikakuita jina lako, si kwamba nimechanganyikiwa, nilitaka tu kusikia jina likitamkwa humu ndani. Chumba kikalimeza. Mtu anayeishi peke yake angalau husikia sauti yake ikimrudia. Mle hairudi. Sikuingia tena.

Sasa nikwambie nilichofanya. Mwezi uliopita makungwi wenzangu walikuja kuniita tupange kuwacheza wali wa mwaka huu. Wakaanza kunywa maji yangu. Nikasema, "Kabla hamjamaliza hayo maji, Shaibu hakuiba. Nilimwimbia mimi. Akaniuliza ni wimbo gani, nikamdanganya."

Bi Somoe akaweka kikombe chini taratibu. "Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na kwa nini unasema leo? Ungenyamaza tu ufe nalo."

"Ndivyo nilivyokusudia. Lakini nimeambiwa haimbi."

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kutukanwa. Bi Somoe akaingia ndani mwangu kama mtu wa nyumbani, akachukua ngoma ndogo, ile ya nyakanga, akatoka nayo chini ya kanga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tangu siku hiyo kisimani wananisalimia na kupita. Ngoma ya mwaka huu niliisikia kutoka kitandani kwangu. Silaumu mtu. Sheria ile niliifundisha mimi, na nilifundisha vizuri.

Nilidhani nikishasema moyo utakuwa mwepesi. Hauko mwepesi. Uko sawa na jana, ila sasa ni wangu.

Na wanawake wale hawatoshi. Mimi nilikusingizia mbele ya watatu, lakini uongo ulitembea mpaka Namungo, mpaka Nachingwea kwa mama yako, ambaye kwa sababu yangu aliona haya kukutaja. Wanaume hawawezi kuambiwa na Bi Somoe, maana mambo ya unyago hayapelekwi kwao. Kwa hiyo barua hii haikutiwa bahasha. Maneno ya wimbo hayamo, siri ya wanawake iko palepale. Kilichomo ni uongo wangu, na huo si siri ya mtu. Kesho ni siku ya kupima korosho kwenye ghala la chama cha ushirika, watu watajaa, wa hapa na wa vijiji vya jirani. Mwalimu ataisoma pale kwanza. Ndipo yule dereva ataichukua akuletee.

Mwalimu kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, binti yangu, wewe ulikuja juzi, andika.

Sikuombi urudi. Mtu aliyekuondoa kwa uongo hana uso wa kukuita. Ukitaka kuja njoo, nyumba ni yako na stoo ni yako. Usipotaka, nitaelewa, na nitalia, na hayo mawili hayagombani. Nakuomba jambo moja tu. Imba. Ule uache, ni wa wanawake na sikuwa na haki ya kukupa. Tunga mwingine. Kama mgongo unauma kwa magunia, tunga wa mgongo. Kama unanichukia, tunga wa kunichukia, uupange vizuri, uanze na ndoo, sauti yako iwe ya mwisho ili isikike safi. Mimi si lazima niusikie. Inatosha nijue upo.

Kula ushibe. Usibebe magunia mawili kwa wakati mmoja ili wakusifu, mgongo haukopeshwi. Salamu zako waitikie watu kwa mdomo.

Kesho nitakaa mbele kabisa, juu ya gunia langu mwenyewe, wanione uso wakati Mwalimu anasoma. Na akifika pale niliposema umeiba, nimemwomba apandishe sauti.

Bibi yako,
niliyekusingizia.