Jambo la Tatu Alilosema Daktari

Jumatatu, 3 Juni

Tumerudi kutoka hospitali saa saba mchana. Mjukuu wangu amelala na plasta yake, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, darasa zima limeichorachora. Hajasema neno tangu tuingie — na huyu ndiye tunayemwita Chiriku!

Ni wiki ya tano tangu ateleze kwenye ngazi za shule. Daktari wa mifupa ni mpya, mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole sana". Mkwe wangu hajui lugha yake. Basi kikongwe nikafaa. Miaka thelathini na nne nilikuwa mkalimani wa mahakama. Leo nimefanya kazi bila kiapo.

Daktari alisema mambo matatu. Nilitafsiri mawili. Nayaandika yote hapa kama yalivyotoka kinywani mwake. Kwanza, mtoto asiukanyagie mguu. Pili, arudi tarehe ishirini kupigwa eksirei. Tatu: "Sitaki asafiri safari ndefu kabla ya picha hiyo. Mfupa haujashika. Ukihama ndani ya plasta, itabidi tuuvunje upya."

La tatu sikulisema. Mkwe wangu akauliza, "Ni hayo tu, Mama?" Nikasema ni hayo tu.

Basi, nimeandika. 

Jumanne, 4 Juni

Binti wa dada yangu amepiga simu tena. "Mama mdogo, usichelewe. Hali kitu, maji tu kwa kijiko. Anakuulizia." Nikamwomba ampe dada simu. Akanikumbusha kwamba masikio yake yamekufa. Hata ukipiga kelele hasikii. Ujumbe wa dada ni uleule wa wiki iliyopita: "Mwambieni aje." Miaka ishirini na sita hajanisemesha. Sasa ananiita.

Na mimi si wa kungoja. Daktari wangu wa moyo hakuzunguka: ni miezi, si mwaka. Nalala juu ya mito mitatu kama malkia, nikiteleza kidogo nazama.

Wakati wa chakula wamelijadili jambo la safari mbele yangu. Saa nane za gari, mbili za mwisho ni mashimo matupu. Mwanangu akasema atanipeleka peke yake, mkewe abaki na mtoto. Mkwe wangu akacheka. "Na kumwogesha, utamwogesha wewe?" Mwanangu akaitazama sahani yake. Ni kweli, heri ninuke kuliko anivue nguo mtoto niliyemzaa. Kwa hiyo mkwe wangu lazima aende, na akienda yeye, Chiriku naye anakwenda. Ama wote, ama hakuna.

"Daktari angekataza kama kungekuwa na hatari," mwanangu akasema. "Mama alikuwepo."

Nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mkwe wangu hatulii. Leo amemkalisha Chiriku kwenye kiti cha nyuma cha gari, akapanga mito, akapangua, akapanga tena. Chiriku akapunga mkono dirishani, "Kwaherini, wananchi!" Majirani wakacheka. Mama yake hakucheka. Aliingia jikoni, akanikuta namenya vitunguu.

"Mama, yule daktari alionekanaje? Hakuwa na wasiwasi?"

"Mwanangu, madaktari wote wana sura hiyo. Hata ukienda kuwasalimia."

Akacheka, akanipokonya kisu. "Na wewe usimenye, machozi yote hayo!" Si vitunguu vilivyonitoa machozi.

Niiandike kesi ile iliyonitenga na dada, maana nikifa hakuna atakayeisema kwa haki. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtunza ghala. Vifaa viliibwa. Shahidi mkuu alikuwa fundi mgeni aliyepita pale Jumapili moja, na lugha yake katika mahakama ile niliijua mimi peke yangu. Nilipaswa kujitoa. Hakimu akasema hakuna mwingine, twende.

Asubuhi ile dada alinisubiri kwenye varanda ya mahakama. Alishasikia kwamba fundi atasema alimwona mumewe akifungua ghala siku isiyo ya kazi. "Wewe sema akifunga," akaniambia. "Toa hiyo u moja tu. Mtu akifunga ghala lake ana kosa gani? Nani atajua?"

Nilisema "akifungua". Kwa sauti ya wazi, karani akaandika bila kuniuliza mara mbili. Shemeji alipata miaka mitatu. Mwaka wa pili akafia gerezani kwa kifua. Mazishini nilimnyooshea dada mkono, ukabaki hewani.

Na ile u nimejivunia. Sina sababu ya kuficha katika daftari langu mwenyewe. Nimewasimulia vijana waliokuja kujifunza kazi, bila kutaja majina, nikasubiri waitikie kwa vichwa. Nilidhani ndilo jambo safi kuliko yote niliyoyafanya. Sasa Jumatatu nimeruka sentensi tatu nzima, kwa haja yangu mwenyewe, na hakuna hata aliyeniomba!

Nataka kumwambia nini dada? Samahani kwa kusema kweli? Sijui. Nataka anione tu. Naye hatanisikia kwa vyovyote.

Ijumaa, 7 Juni

Pumzi fupi. Miguu imejaa maji, ukibonyeza panabaki shimo. Wameamua: Jumapili alfajiri. Mwanangu ameomba ruhusa kazini. Nilisema asante.

Jumamosi, 8 Juni

Chiriku ameshinda kitandani kwangu, magongo yake sakafuni, tunapanga nguo zangu. Ananichagulia. "Hii hapana, Bibi, unafanana na pazia." Nikamwambia, "Wewe mke mwenzangu una wivu, unaogopa nitapata mchumba huko." "Mchumba gani, na meno mawili!"

Kisha alipojisogeza kuchukua kanga, niliona uso wake. Kitambo kidogo tu. Nimewatazama mashahidi wengi.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Chiriku."

Akachezea uzi wa shuka. "Unauma nikishuka kitandani. Na juzi kwenye gari, mama alipoweka mto. Lakini usimwambie, Bibi. Atasema tusiende, na wewe unataka kumwona dada yako." Akafikiri. "Akikuuliza, sema sikusema kitu."

Nilimwambia sawa.

Nimemaliza kukunja nguo peke yangu. Miaka tisa, na ameshajua la kusema na la kuacha. Na kwa ajili yangu! Sikuweza kula chakula cha jioni. Mkwe wangu akadhani ni hofu ya safari, akanipikia uji mwepesi, akakaa mpaka nikaumaliza.

Jumapili, 9 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi. Gari linaunguruma nje. Mito, maji, dawa zangu, beseni langu, vyote vimepakiwa. Chiriku ameshabebwa hadi kiti cha nyuma, mguu juu ya mito miwili. Namsikia akimpangia baba yake njia.

Mkwe wangu alikuja kunivalisha viatu. Havikuingia. Akanivalisha ndara zake. Akiwa bado amepiga magoti akasema, "Mama, jana nilikaribia kusema tusiende. Moyo ulinikataa kabisa. Halafu nikajiambia, wewe ndiye uliyesikia kwa masikio yako. Ungekuwa na shaka ungesema." Akainuka, akaenda kufunga madirisha.

Nimekaa hapa najaribu kupanga maneno. Naweza kusema nilisahau. Angeniamini, angenionea huruma, angenifunika blanketi. Mzee husamehewa kila kitu kwa neno hilo. Hapana. Hilo nalo ni kuruka.

Najua pia kitakachofuata. Gari litazimwa. Dada yangu hatafika tarehe ishirini. Binti yake hakusema hivyo, lakini nimesikia namna alivyonyamaza. Na mimi sijui kama nitafika.

Kazini mkalimani hasemi "shahidi anasema". Husema "mimi". Mimi nilimwona. Mimi nilimpiga. Nimekuwa mimi wa watu wengi, wezi na wajane. Kwa hiyo nitaanza na daktari, kwa nafsi yake, neno kwa neno: Sitaki asafiri. Mfupa haujashika. Nikimaliza yake nitasema yangu, kama pumzi itatosha. Na la Chiriku nitalisema pia, ingawa nilimwahidi.

Nimemwita mkwe wangu. Hakusikia, mwanangu alikuwa anapiga honi. Nimemwita tena. "Naja, Mama! Umesahau nini?"

Ameingia. Ameuliza kama kifua kimenibana. Nimetikisa kichwa, nimemwonyesha kitanda. Amekaa, ufunguo wa mlango mkononi. Honi tena. Amefungua dirisha, amemwambia mumewe, "Ngoja kidogo, Mama anaandika."

Ananisubiri nimalize.