Ng'ombe wa Nyanchama

Karibu na Nairobi, 4 Februari 1968

Mdogo wangu Ombui,

Salamu katika jina la Bwana, kwako na kwa mama. Mimi mzima, ila mgongo umechoka. Bado niko ndani ya ua wa maabara, kwa ng'ombe wenye magonjwa yanayoshika hata watu. Kuingia tunavua nguo zote, kutoka tunaoga mpaka nywele. Mizoga tunaivuta hadi kwenye tanuru. Mtu wa ndani akitoka, hakaribii ng'ombe wa nje wiki nzima. Kwa hiyo siku ya kupeleka mahari yako Kebirigo sitakuwepo. Mchumba wako Bochaberi asinidhanie vibaya.

Kaka yako, Abner

Ekerenyo, 25 Februari

Kaka Abner,

Tu wazima, ila mama ana homa ya jioni na viungo vinamuuma. Hapa wanacheka, eti kuna mtu wa kwetu analipwa kuoga! Mama anauliza kama utarudi mweupe.

Yule ng'ombe mwekundu wa mahari ya dada Nyanchama, niliyepewa wa kuolea, ametupa mimba tena. Mama alivuta kondo la nyuma kwa mikono. Lakini amenona, hakuna atakayejua. Tutampeleka Kebirigo katikati ya Machi. Usimwambie mtu.

Mdogo wako, Ombui

Nairobi, 10 Machi

Ombui,

Barua yako imeninyima usingizi. Pole kwa mama. Mpeleke hospitali, aseme alichoshika. Ng'ombe kama huyo ndio ninaowafagilia kila siku. Ugonjwa uko kwenye kondo, uko kwenye maziwa. Thadeus, niliyekuwa navuta naye mizoga, umempata. Alikuwa akibeba magunia mawili, sasa hawezi kufunga viatu.

Unataka mama yake Bochaberi anywe maziwa hayo? Mpeleke yule mtamba wa mahari ya dada yetu mdogo, Mong'ina. Najua ni wangu, wa kuolea. Nimechoka, sitaki kubishana.

Kaka yako, Abner

Ekerenyo, 7 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Barua yako ilifika ng'ombe ameshakwenda. Niliificha chini ya godoro, nikawa sili vizuri. Mwishowe nikamswaga mtamba wako hadi Kebirigo, nikawaambia ukweli mbele ya wazee.

Mama mkwe akamwaga maziwa nje. "Kumbe ulitaka kutuzika kwanza, ndipo uoe?" Bochaberi akaingia ndani, nikajua nimemkosa. Baba yake, Alfayo, akauliza nani amenifundisha haya. Nikasema, kaka anayelipwa kuoga.

Akasema, "Huyo ndiye angekuja kuposa."

Lakini mtamba wamempokea. Yule mwekundu, bwana mifugo aliamuru auawe, tukamzika na chokaa. Bochaberi yuko hapa. Mama anakunywa dawa za hospitali, anaendelea vizuri. Sasa kaka, wewe utaoa na nini?

Mdogo wako, Ombui

Nairobi, 28 Aprili

Ombui na shemeji Bochaberi,

Nimefurahi sana. Hilo la kuoa msiniulize.

Tangu juzi, jioni natetemeka, na asubuhi magoti hayakunjiki. Daktari amenitoa damu, jibu bado. Thadeus alikuja kunitazama, akacheka: "Karibu, bwana."

Wakiniachilia nitakuja nyumbani. Zizini sitaingia, nitakaa jikoni na mama.

Chemsheni maziwa. Na ya kwangu pia.

Kaka yenu, Abner