Cheo cha Shivembe

Jumatatu, 3 Machi

Chai ya saa nne imepoa tena. Orodha bado. Mkubwa wetu wa mipango anataka kila mji wa kaunti uandikwe cheo chake kipya, na kando yake cheo cha zamani. Kakamega: manispaa zamani, manispaa leo. Mumias vivyo hivyo, ingawa watu wa huko hawachoki kutukumbusha kwamba makao ya serikali yalianzia kwao. Malava ilikuwa na baraza la mji. Butali, soko. Naipenda kazi hii. Najiona nikisoma vyeti vya kuzaliwa vya watu ninaowajua.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefika kwenye jina la Shivembe. Kwetu, upande wa Navakholo. Safu mbili za maduka, mashine ya kusaga, soko mara mbili kwa wiki. Kwenye rasimu imeandikwa "kijiji". Maana yake hakuna mpango, hakuna taa, hakuna choo cha soko. Mama ameuza mboga pale tangu nizaliwe. Akibanwa, hukimbilia kwenye miwa.

Nilimpigia simu nikamwambia. Akasema Shivembe ilikuwa na cheo wakati wa wazungu, babake alimweleza. Nilikasirika. Kila mtu ana babu aliyesema.

Ijumaa, 7 Machi

Mama alisema kweli. Nimeipata kwenye faili la zamani, karatasi kavu kama ganda la mahindi. Shivembe ilitangazwa kituo cha biashara enzi za ukoloni. Viwanja kumi na viwili, mpaka, barabara pana. Tangazo halikufutwa. Lilisahauliwa tu. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikaufuata mpaka kwa kidole. Barabara ya kwenye ramani inapita kwenye shamba letu la mboga. Kaburi la Baba liko kando yake, au ndani yake. Ramani imechorwa kwa mkono, sina hakika.

Kicheko kiliisha.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Nawaza kulirudisha faili mahali pake. Hakuna atakayejua. Shivembe ibaki kijiji, Baba apumzike.

Naona aibu hata kuyaandika.

Jumanne, 11 Machi

Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda nyumbani na nakala ya ramani. Mama alivaa miwani. Akauliza jikoni ni wapi. Kisima ni wapi. Halafu akauliza Baba yuko wapi. Nikamwonyesha. Nikamwambia naweza kunyamaza.

Hakunitazama. Alienda kumpa ng'ombe maji, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniambia mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu cheo ni Alhamisi, nije na ile karatasi. Basi.

Naogopa. Ana miaka sabini na miwili. Hajawahi kusimama mbele ya maofisa.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano ulikuwa kanisani, Shivembe. Wenye maduka na boda boda wanataka cheo. Wenye mashamba hawataki: wanaogopa kodi ya ardhi, wanaogopa kuambiwa waondoe ng'ombe. Kelele tupu. Nilisoma tangazo la zamani, pamoja na barabara yake. Mzee mmoja akauliza hiyo barabara itapita kwa nani. Kabla sijajibu, Mama alisimama.

"Itapita kwangu," alisema. "Mzee wangu amelala hapo. Lakini miaka arobaini nimekuwa nikijisaidia kwenye miwa ya watu, na hawa mabinti ninaouza nao bado wanaingianga huko. Mtupe hicho cheo, choo kije."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazama chini. Kisha mama muuza omena akainua mkono. Akafuata wa nyanya. Mpaka nikashindwa kuhesabu mikono.

Nampenda huyu mwanamke hadi kifua kinauma.

Ijumaa, 14 Machi

Mkubwa ametia sahihi. Shivembe: zamani kituo cha biashara, sasa kituo cha soko. Bunge la kaunti bado halijapitisha. Mpimaji ataanza kazi bila kulisubiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpimaji alikuja juzi. Kigingi kimoja kiko katikati ya kunde. Nusu ya shamba la mboga itakwenda. Kaburi limebaki upande wetu, hatua saba tu kutoka barabarani.

Nilikuja nikijua nitamkuta analia. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, karibu na kaburi, anachambua kunde. Nikaketi kwenye nyasi, nikachukua fungu langu.

"Baba yako alipendanga kuona watu wakipita," alisema.

Wanawake wawili walikuwa wanarudi kutoka sokoni, vikapu kichwani. Walimsalimu kama bibi yao, "Mulembe, kukhu." Mama akawaitikia, akawauliza soko limekuwaje. Walisema si baya.

Tukaendelea kuchambua.